Mjinga Angefanyaje?

Ndugu msomaji, naandika makala haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Jumamosi iliyopita tulikutana vijana waandishi, kama ishirini hivi, nyuma ya duka moja la vitabu hapa Dar es Salaam. Kila mtu na shairi lake. Zamu yangu ilipofika nikasimama bila karatasi, bila simu, nikaghani beti saba kutoka kichwani. Watu wakapiga makofi kidogo. Kisha kaka mmoja, msomi, ana shahada yake na miwani yake, akasema mbele ya wote: "Umejitahidi, ndugu yangu, lakini kukariri ni kazi ya kasuku. Sisi tumeshavuka huko. Mwandishi wa leo anafikiri, hakariri."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana nilikosa la kusema. Jibu la maana humjia mtu akiwa ameshapanda daladala. Basi jibu langu ndilo hili, na naliandika ili hata wale waliocheka walisome mara mbili.

Nianze kwa kukubali. Chuki ya yule kaka najua inatoka wapi. Inatoka darasani. Nami nimekaa darasa hilohilo, ila kwa shule nyingine. Nilipokuwa darasa la sita nilijua vizuri kabisa kwamba mmea hujitengenezea chakula chake kwa mwanga wa jua, na kwamba shughuli hiyo inaitwa usanisinuru. Neno lenyewe linajieleza: kusanisi, nuru. Nikamsimulia hata Bibi, tumekaa naye barazani anachambua mchele. Akaniambia, "Ndiyo maana mchicha wa kivulini haunawiri, mume wangu." Hiyo ndiyo elimu, bwana. Mimi nimempa neno, yeye amenipa ushahidi.

Nikaingia kidato cha kwanza. Mwalimu akaandika ubaoni neno refu la Kiingereza la silabi tano, na chini yake maana yake, mistari mitatu. Tukaimba darasa zima. Nikaimeza ile mistari kama mtu anavyomeza dawa chungu, haraka, usiionje. Mtihani wa kidato cha pili ukaja, swali likageuzwa kidogo tu: eti mmea uliofungiwa gizani utakuwaje, na kwa nini? Sikujibu. Wallahi sikujibu! Jambo ambalo mimi na Bibi tulilimaliza barazani miaka mitatu nyuma, lilinijia limevaa nguo za kigeni nisilitambue. Nilikuwa na mistari mitatu kichwani na hakuna hata mmoja uliofungua mlango. Kwenye ripoti yangu mwalimu akaandika kwamba sina kumbukumbu nzuri.

Niliiamini ripoti ile kwa miaka mingi. Naomba muelewe hapo, maana ndipo ilipo hasira yangu. Siyo kwamba nilifeli. Wengi tumefeli. Ni kwamba niliamini kasoro iko kichwani mwangu.

Aliyenitoa gizani ni Mjerumani aliyekufa mwaka 1909. Nilikutana naye kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandikwa chini kando ya barabara. Nikaokota kitabu cha saikolojia cha Kiingereza, hakina hata jalada, nikakifungua kwenye sura ya kumbukumbu, na humo akawamo bwana Hermann Ebbinghaus.

Huyu bwana, kati ya mwaka 1879 na 1884, alifanya kazi ya ajabu. Alitaka kuipima kumbukumbu kwa namba, kama watu wanavyopima joto au uzito. Akakutana na kikwazo: maneno ya kawaida yana maana, na maana huisaidia kumbukumbu kwa mlango wa nyuma. Ukishasikia "ng'ombe", neno "maziwa" halikupi kazi. Basi akatengeneza silabi za upuuzi, konsonanti, irabu, konsonanti, vitu kama ZOF, zaidi ya elfu mbili. Akazichanganya, akawa anazipanga katika orodha na kuzisoma kwa mwendo wa saa inayogonga, mpaka aweze kuzitamka zote kwa mpangilio bila kosa. Mtahiniwa alikuwa nani? Yeye mwenyewe, peke yake. Matokeo aliyatoa kitabuni mwaka 1885.

Kipimo chake kilikuwa cha akili. Hakujiuliza "nakumbuka ngapi?" Alijiuliza: nikiirudia orodha hii niliyoisahau, nitaokoa kazi kiasi gani? Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku 31, asilimia 21. Yaani kusahau hukimbia sana mwanzoni, halafu huanza kutembea. Hilo nililikubali bila ubishi. Kila aliyewahi kutoka chumba cha mtihani analijua.

Lililonifanya nisimame pale kando ya barabara kama niliyepigwa kofi ni jingine. Ebbinghaus alijipima pia kwa shairi. Alichukua beti za Don Juan, shairi la Mwingereza Byron. Ubeti mmoja una silabi kama 80. Ulimwingia kwa kuusoma mara nane au tisa hivi. Akapiga hesabu: silabi za upuuzi 80 zingemtaka marudio 70 hadi 80. Chenye maana, chenye mapigo na vina, kilimgharimu sehemu moja ya kumi ya kazi.

Sehemu moja ya kumi! Kichwa ni kilekile, saa ni ileile, mtu ni yuleyule. Sasa nambieni: mwanafunzi anayepewa mistari mitatu ya lugha ambayo bado haielewi, amepewa nini kama siyo silabi za upuuzi? Ebbinghaus aliiondoa maana kwa makusudi, akijua anafanya nini, tena alijitesa mwenyewe kwa hiari yake. Sisi tunawaondolea watoto maana bila hata kujua kwamba tumewaingiza maabara, na mwisho wa mwaka tunawaita vilaza.

Najua nitajibiwa kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia. Sawa. Kifundishwe, tena kifundishwe vizuri, na walimu wanaokijua. Mimi mwenyewe bila Kiingereza nisingekutana na Ebbinghaus pale chini. Lakini kumfundisha mtoto lugha ni jambo moja. Kumfungia biolojia yote ndani ya lugha hiyo kabla hajapewa ufunguo ni jambo jingine, na ndilo linalofanyika: shule ya msingi ya serikali Kiswahili, ukivuka kizingiti cha sekondari, ghafla Kiingereza.

Tena hata kukariri kwenyewe tunafundishwa vibaya. Ebbinghaus aliona kwamba marudio 38 aliyoyagawa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyarundika siku moja. Tutazame sisi tunavyosoma. Usiku wa kuamkia mtihani, miguu kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usije, desa mkononi, midomo inacheza. Asubuhi tunalitapika, mchana tumelisahau. Halafu tunasema kukariri hakufai. Kukariri hukuwahi kukufanya, ndugu yangu! Ulichofanya ni kubeba maji kwa pakacha.

Na kuna jaribio la karibu zaidi. Mwaka 2006, huko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha vipindi vitatu likaandika yote linayoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja meza ikapinduka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, waliojilazimisha kukumbuka asilimia 61. Na kichekesho ni kwamba waliosoma tu ndio waliotangulia kujiamini zaidi.

Nilipofika hapo nikamkumbuka Bibi. Yeye hakusoma shule ya serikali hata siku moja, lakini ana utenzi mrefu kichwani ambao akianza baada ya swala ya alasiri, magharibi inamkuta bado yumo. Nilimuuliza aliupataje. Akasema walikuwa wasichana wanne kwa shangazi yake. Shangazi anaghani ubeti, wao wanausikiliza, kisha kila mmoja anaghani peke yake, macho chini. Ukikwama unaachwa ukwame kwanza, hupewi neno upesi. Kesho mnaanzia ubeti wa jana. Keshokutwa mnaanzia wa juzi. Basi hiyo ndiyo St. Louis nzima, marudio yaliyogawanywa na kujitahini bila karatasi, ndani ya ua wa makuti. Na maana? Kila neno wasilolielewa, shangazi alilieleza kabla hawajaendelea.

Sasa msinielewe vibaya. Sitaki kuwaimbia ule wimbo mwingine, kwamba Mwafrika ana kumbukumbu ya miujiza aliyozaliwa nayo. Wimbo huo nao ni dharau iliyopakwa sukari. Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932, ameeleza habari za mchunga ng'ombe wa Swaziland, nchi iitwayo Eswatini tangu mwaka 2018. Mtu huyu aliwataja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, mmoja baada ya mwingine, na bei zao na rangi zao, akakosea vitu viwili vidogo tu. Wazungu wa pale walishangaa. Bartlett hakushangaa. Alipompa kijana wa hukohuko ujumbe wa kawaida aupeleke kwa mtu mwingine, kijana hakuwazidi wenzake wa Uingereza. Ng'ombe ndio waliokuwa na maana katika maisha ya watu wale, na maana ndiyo iliyoshika kumbukumbu. Miujiza hamna.

Lakini kisa ambacho nataka kila mwandishi kijana akijue kinatoka Liberia, kwa Wakpelle. Katika miaka ya 1960 Michael Cole, John Gay na wenzao walikwenda huko kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza. Walimsomea mtu majina ya vitu 20, vingine vyakula, vingine nguo, vingine zana, vingine vyombo vya nyumbani, wakamwambia avitaje kwa mpangilio wowote anaotaka. Wasiosoma shule walitaja karibu nusu tu, na hata orodha iliporudiwa mara kadhaa hawakuongeza sana.

Hapo mtafiti mvivu angeshaandika ripoti yake, "hawa hawana kumbukumbu nzuri", akapanda ndege. Mnaona? Ni ripoti yangu mimi ya kidato cha pili. Cole na wenzake hawakupanda ndege. Walijiuliza swali ambalo mwalimu wangu hakujiuliza: kosa ni la mtu, au ni la jaribio? Maana ni nani katika maisha yake ya kweli hukaa kusomewa vitu 20 visivyo na mwenyewe, visivyo na safari wala sababu?

Basi wakavitia vitu hivyohivyo ndani ya hadithi. Chifu ana binti mzuri. Wachumba wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja na zawadi zake, huyu nguo, yule vyakula, na kadhalika. Je, binti apewe nani? Msikilizaji alipoulizwa habari za zawadi, vitu vikatoka kwa mafungu, kila fungu na mwenye nalo. Katika hadithi nyingine binti anachukuliwa na mtu mbaya, naye njiani anawaachia ndugu zake dalili, kitu hiki hapa, kitu kile pale. Safari hii vitu vikatoka kwa mfuatano wa njia. Kumbukumbu iliyodaiwa haipo ilikuwepo tangu asubuhi. Ilikuwa inasubiri hadithi.

Bado kuna utamu wake. Joseph Glick, mmoja wa kundi hilo, ameeleza walivyowapa watu vitu 20 wavipange vinavyoendana. Wao, watafiti, walitarajia mafungu manne: vyakula huku, zana kule. Wakpelle wakavipanga viwiliviwili. Kisu kikaenda na chungwa, kwa sababu kisu ndicho kinachokata chungwa. Kiazi kikaenda na jembe. Wakasema mtu mwenye busara ndivyo anavyofanya. Mtafiti akajaribu kila njia, akachoka, mwisho akauliza: "Na mjinga je, mjinga angefanyaje?" Hapo hapo wakampangia mafungu manne safi kabisa, vyakula huku, zana kule.

Nilicheka mpaka konda wa daladala akaniangalia. Hebu fikiri. Walikuwa wanajua tangu mwanzo! Jibu lililoitwa la akili katika maabara, kwao lilikuwa jibu la mjinga, na hawakuona sababu ya kumpa mgeni jibu la mjinga mpaka alipoliomba mwenyewe. Nani pale alikuwa anampima mwenzake?

Hata jicho limepitia mambo hayohayo. Mnaijua ile michoro ya mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, mmoja una mishale inayofunga na mwingine inayofungua, na huu wa pili ukaonekana mrefu zaidi? Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walikusanya majibu ya jamii nyingi, za Afrika na kwingineko, wakayatoa kitabuni mwaka 1966. Watu wa Evanston, Marekani, ndio waliodanganyika zaidi. Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika. Sababu yake wataalamu wanaibishania hadi leo, nami siingii ugomvi huo. Naye Robert Serpell, mwaka 1979, aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza mifano wainakili. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walikuwa mbele. Kwa waya, Wazambia walikuwa mbele. Kwa udongo, sare. Kila aliyewahi kusukuma gari la waya uchochoroni anaelewa mara moja. Mpe mtoto huyo kalamu tu, utaandika kwamba hana jicho.

Na sisi tunaopenda kusema "utafiti umethibitisha" tujue na hili. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, waliwakumbusha wanasaikolojia kwamba katika majarida yao makubwa, asilimia 96 ya watu waliopimwa walitoka nchi za viwanda za Magharibi, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Siyo sababu ya kuitupa sayansi hiyo. Mimi imeniokoa. Ni sababu ya kuuliza kila mara: aliyepimwa ni nani, na alipewa kalamu au waya?

Sasa nimrudie kaka yangu wa miwani. Alisema mwandishi anafikiri, hakariri. Alidhani hayo ni mambo mawili. Bartlett, huyohuyo wa ng'ombe, aliwapa watu wa Cambridge hadithi fupi ya Wenyeji wa Amerika, ina mizimu, ina vita, ina mambo yasiyofungamana kwa akili ya Mwingereza. Akawataka waisimulie baada ya dakika 15, baada ya wiki, baada ya miezi. Hadithi ikawa inabadilika mikononi mwao. Mitumbwi ikageuka mashua. Mizimu ikapungua, wengine wakaisahau kabisa. Mambo yasiyoeleweka yakatafutiwa sababu. Hawakuwa wanadanganya. Walikuwa wanaijenga upya hadithi kwa miti ya nyumbani kwao. Kukumbuka, alisema Bartlett, ni kuunda.

Kasuku haundi. Kasuku hageuzi mtumbwi ukawa mashua kwa sababu hajui mtumbwi ni nini. Binadamu anayeghani kutoka kichwani anafanya kazi kila neno: anapima, anachagua, anaziba pengo. Bibi yangu hapati ubeti sawasawa kila siku, nimemsikiliza mara nyingi. Kuna neno hulibadilisha. Lakini mizani haivunjiki na kina hakimpotei. Huyo anafikiri au hafikiri?

Na hapa, ndugu zangu waandishi, ndipo ninapowageukia nyinyi, tena mimi nikiwa mmoja wenu. Mmeshakitukana sana kina. Mnaona vina na mizani ni minyororo ya wazee. Ugomvi huu ni wa zamani, ulipamba moto tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na mimi shairi huru silichukii, nimeandika mengi. Lakini jaribuni kitu. Nikikuambia taja chombo cha jikoni, utasitasita: sufuria, mwiko, kinu? Nikikuambia taja neno linaloishia na "ungu", utahangaika: fungu, rungu, uvungu? Nikikuambia chombo cha jikoni kinachoishia na "ungu", umeshasema chungu kabla sijafunga mdomo.

Hilo siyo mazingaombwe yangu. David Rubin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ambaye kitabu chake juu ya kumbukumbu katika fasihi simulizi kilitoka mwaka 1995, alilipima jambo hili na mwenzake kwa maneno ya Kiingereza. Dokezo la maana peke yake lilileta neno lililotakiwa mara chache. Dokezo la kina peke yake, mara chache. Yote mawili pamoja, kuna maneno yaliyopatikana karibu kila mara. Maana inashika mkono mmoja, sauti inashika mwingine, neno halina pa kuangukia.

Tazameni sasa utenzi ulivyojengwa. Mishororo minne kila ubeti, mizani minane kila mshororo, na kile kina cha mshororo wa nne kinatembea tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, kama mlinzi anayezunguka nyumba usiku kucha. Shairi la mizani kumi na sita limekatwa katikati, nane na nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Nyinyi mnaita minyororo. Mimi naita vishikio vya sufuria ya moto. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walijua mzigo huu utabebwa na vichwa vya watu, wakaufunga kamba mapema.

Ukitaka kuvikata vishikio, vikate, ni haki yako. Lakini weka vingine. Shairi huru nalo linakaririka, kwa picha inayochoma, kwa neno linalorudi mahali pake, kwa hadithi yenye wachumba na zawadi. Ambalo halikaririki ni lile lisilo na kina wala picha wala hadithi, maneno mazito yaliyopangwa ili msomaji ajione mjinga. Nalo limejaa kwenye mikutano yetu, semeni kweli. Mtu anasimama anasoma kutoka kwenye simu, anakaa, na dakika tano baadaye hakuna hata mmoja anayeweza kurudia mshororo. Mwandishi mwenyewe hawezi! Yule mwalimu wangu alinipa silabi za upuuzi kwa Kiingereza. Sisi tunawapa wasomaji wetu kwa Kiswahili, halafu tunalalamika kwamba Watanzania hawasomi.

Ripoti ni ileile, ndugu zangu. "Wasomaji hawa hawana kumbukumbu nzuri." Na swali ni lilelile: kosa ni la mtu, au la kile ulichompa?

Kwa hiyo nina pendekezo, na nalitoa kwa maandishi ili mtu asije akasema nilitania. Mkutano ujao karatasi zibaki mlangoni, na simu pia. Kila mmoja aghani shairi moja la mwenzake analolikumbuka, kabla ya kughani la kwake. Tutajua usiku huohuo nani ameandika na nani amejaza kurasa. Nami nakubali nipimwe wa kwanza. Ikiwa hakuna anayekumbuka hata ubeti mmoja katika zile saba zangu, basi nitarudi nyumbani nikaanze upya, kwa adabu.

Na yule kaka yangu wa miwani akiniuliza tena habari za kasuku, nitamuuliza na mimi: mtu mwenye busara huliweka wapi shairi lake? Huliweka vichwani mwa watu. Na mjinga je, mjinga angefanyaje? Angeliweka kwenye simu, chaji ikaisha.

Uwanja ni wenu. Anayebisha na abishe, lakini aje na hoja yake kichwani.